Mbwa Asiye Mbwa, Mbuzi Asiye Mbuzi

UKURASA WA FAMILIA

   

Mwezi huu tunaanzia sokoni. Majuzi tulikuwa pale kwenye meza za mboga. Akaja mama mmoja, mgeni, hata miezi miwili hajamaliza hapa kambini. Akauliza, "Sombe iko?" Kijana anayeuza, mwenyeji wa vijiji vya jirani, akamjibu kwa adabu, "Sombe hatuna, mama." Mama akaangalia mezani, akamwangalia kijana, akaangalia tena mezani. "Na hii je?" Kijana akasema, "Hiyo ni kisamvu." Jamani, watu walicheka! Majani ya muhogo yamelala pale mbele yao wote wawili, mmoja anayatafuta, mwingine anasema hana. Na kesho yake yule mama akarudia kisa hicho kwenye lengalenga, ambayo huku inaitwa mchicha.

Tulicheka, lakini tulipofika nyumbani tuliendelea kulifikiria. Mtu akihama, anahama na majina yake. Anafika mahali papya, anakuta vitu vinamtazama, na yeye hana la kuviita isipokuwa yale majina aliyotoka nayo.

Siku zile zile, jirani yetu mmoja alitusikilizisha sauti kwenye simu yake. Ni mtoto wa dada yake, ambaye aliondoka na wazazi wake miaka kadhaa iliyopita, wakapelekwa Marekani, jimbo la Dakota Kusini. Mtoto anasema, "Mama mkubwa, huku kuna mbwa wanakaa kwenye mashimo kama panya. Wanabweka, halafu wanaingia chini!" Jirani akatuuliza, "Ninyi wa gazeti, hebu niambieni, mtoto ameanza kusema uongo?"

Hapana, mtoto hasemi uongo. Tumefuatilia, na tumekuta habari nzuri ambayo tunataka kuwagawia. (Hatuandiki haya ili kumpa mtu hamu ya safari. Kila mwenye kesi yake anajua ilipofika. Tunaandika ili tujifunze.)

WAGENI WALIPOINGIA MBUGANI

Katikati ya bara la Amerika Kaskazini kuna mbuga kubwa sana za majani. Mtu anaweza kutembea siku nyingi asione mti isipokuwa kando ya mito. Mwaka 1803 serikali ya Marekani ililinunua eneo hilo, liitwalo Louisiana, kutoka kwa Ufaransa. Waliouziana walikuwa mbali. Wenyeji waliokuwa wakiishi humo tangu zamani, Walakota, Wamandani, Wahidatsa na wengine wengi, hakuna aliyewauliza.

Rais wa wakati huo, Thomas Jefferson, akatuma msafara kwenda kuangalia. Viongozi walikuwa wawili, Meriwether Lewis na William Clark. Waliondoka karibu na mji wa St. Louis mwezi Mei 1804, watu zaidi ya 40, wakipanda mto Missouri kwa mashua, hadi bahari ya Pasifiki. Walirudi Septemba 1806. Kati ya kazi walizopewa ilikuwa kuandika habari za wanyama, hasa wale ambao hawakujulikana huko walikotoka.

Basi fikirini. Watu wazima, wasomi kwa wanajeshi, wanakaa kila jioni na daftari, na mnyama aliyeonekana mchana hana jina kwenye lugha yao. Waliandika nini? Walifanya kama yule mama wa sombe. Walichukua majina ya kwao wakayabandika.

MBWA WA SHIMONI

Tarehe 7 Septemba 1804, mahali ambapo leo ni jimbo la Nebraska, walikuta uwanja umejaa mashimo, na kwenye kila shimo kamnyama kamesimama wima kwa miguu ya nyuma, kanapiga kelele. Ukikasogelea, kanazama. Walitaka kukamata kamoja kakiwa hai. Walichimba futi 6 kwenda chini, wakaingiza mti mrefu, wakakuta hata nusu ya shimo hawajafika! Ndipo karibu kikosi kizima kikashinda kinabeba maji kutoka mtoni kumwaga shimoni, mpaka mmoja akatoka amelowa, wakamshika. Hebu tazama wanajeshi wa Rais, siku nzima, na ndoo, kwa ajili ya mnyama ambaye hafiki hata kilo moja na nusu.

Sasa jina. Waendesha mashua waliokuwa wanazungumza Kifaransa walimwita "petit chien", yaani mbwa mdogo, kwa sababu anabweka. Sajini mmoja, John Ordway, aliandika "mbwa wa mbugani". Clark alimwita panya wa ardhini. Lewis alimwita kindi anayebweka. Mnyama mmoja, kambi moja, majina manne.

Nani alikuwa karibu na ukweli? Lewis. Wataalamu wanasema mnyama huyu yuko kwenye ukoo wa kindi, hana udugu na mbwa hata kidogo. Lakini jina lililoshika ni la mbwa, na mpaka leo watu wa kule wanamwita mbwa wa mbugani. Kwa hiyo mtoto wa jirani yetu hakusema uongo. Alirudia jina alilolikuta.

Yule aliyekamatwa, au mmoja wa wenzake, alitumwa kwa Rais. Mwezi Aprili 1805 walipakia kwenye mashua wanyama hai sita, yaani ndege watano na mbwa wa mbugani mmoja. Wakashuka mto, wakapita baharini, safari ya miezi minne. Walipofika Washington mwezi Agosti, waliokuwa hai walikuwa wawili tu, ndege mmoja na yule wa shimoni. Sisi tunaojua safari ndefu tunaweza kumpa pole.

Kuna jambo moja zaidi la kuwaambia watoto. Wataalamu wa siku hizi wamesikiliza kelele za wanyama hawa wakakuta hazifanani. Akija mwewe, wanalia namna moja. Akija mbwa mwitu mdogo wa kule, namna nyingine. Akija mtu, namna yake. Kumbe wakati sisi tunagombana tumwite nani, yeye ana namna yake ya kututaja sisi.

MBUZI NA NYUMBU

Mwezi huo huo wa Septemba walipata mnyama mwingine, mwepesi kupita kiasi, rangi ya udongo na tumbo jeupe. Waliozungumza Kifaransa walimwita "cabri", neno ambalo wenzetu waliosoma Kifaransa wanalijua, ni mwanambuzi. Clark akaandika mbuzi. Lewis aliwafuata siku moja kwenye vilima, wakamtoroka. Alipofika waliposimama, wao walishakuwa kwenye mgongo wa kilima kingine. Akaandika kwamba mbio zao zinafanana na ndege kuliko mnyama wa miguu minne. Baadaye wengine wakamwita swala, na jina hilo ndilo lililozoeleka.

Si mbuzi, na si swala. Pembe zake zina tawi, na kila mwaka ganda la pembe linaanguka na kuota upya, jambo ambalo mbuzi wala swala hafanyi. Ndugu zake wa karibu walio hai leo ni nani? Tutawaambia mbele kidogo, msiruke ukurasa!

Kulungu wa huko alikuwa na masikio makubwa, akapewa jina la nyumbu. Yaani nyumbu yule mtoto wa punda na farasi, siyo nyumbu wa Serengeti. Hapo tunasikia mtu anauliza, kwani nyumbu ni wangapi? Ndiyo hayo! Hata Kiswahili chetu kimefanya vile vile, jina moja kwa wanyama wawili. Na punda milia je? Wazee walimwona wakasema, huyu ni punda, ila ana mistari. Na bata mzinga si bata. Kwa hiyo tusiwacheke sana akina Lewis na Clark. Kumpa kitu kigeni jina la kitu unachokijua ni kazi ya kila binadamu. Ni mlango wa kwanza wa kuingilia mahali papya.

Shida inakuja mtu akibaki mlangoni.

JINA LINAPODANGANYA

Hapa tunaomba wazazi wasome polepole, kwa sababu ndicho kiini cha makala yetu.

Dubu ni mnyama mzito mwenye manyoya mengi. Sehemu walikotoka watu wa msafara, upande wa mashariki, kuna dubu mweusi. Walimjua na walikuwa wamemwinda tangu utoto. Majira ya baridi ya 1804 kwenda 1805 walikaa karibu na vijiji vya Wamandani na Wahidatsa. Wenyeji wakawaonya kwamba huko juu ya mto kuna dubu wa aina nyingine. Sisi, wakasema, hatuendi kumwinda mpaka tuwe watu sita, wanane au kumi, na hata hivyo mara nyingi tunapoteza mtu.

Lewis alisikia neno "dubu", na moyoni mwake akamwona dubu wa kwao. Mwisho wa Aprili 1805, baada ya kumuua mmoja mdogo, aliandika kwamba wenyeji wana haki ya kuogopa kwa sababu silaha zao ni mishale na bunduki mbovu, lakini kwa mtu mwenye bunduki nzuri mnyama huyu si wa kutisha kama walivyosema.

Siku chache tu zikapita. Tarehe 5 Mei Clark na mwenzake walimpiga mmoja mkubwa, ambaye walimkadiria kati ya kilo 225 na 270. Risasi kumi, tano zimepita kwenye mapafu, na bado aliogelea hadi kwenye mchanga katikati ya mto, akakaa kama dakika 20 ndipo akafa. Kesho yake Lewis akaandika kwamba hamu ya wenzake ya kumjua mnyama huyu imeshapungua sana.

Tarehe 14 Mei wawindaji sita, wote wazuri, walimnyemelea mmoja. Wanne wakapiga pamoja. Dubu akainuka akawajia mdomo wazi. Wengine wakapakata bunduki tena wakapiga, yeye anawafuata tu. Wawili wakatupa bunduki na mifuko, wakaruka kutoka kwenye ukingo wa mto, urefu wa karibu futi 20, wakatumbukia majini. Dubu naye akaruka nyuma yao! Alikuwa karibu kumfikia mmoja pale mwenzao wa ukingoni alipompiga risasi ya kichwa. Mwezi uliofuata Lewis mwenyewe alifukuzwa na dubu, bunduki haina risasi, akaokolewa na mto.

Hakuna aliyekufa, ni bahati. Lakini mnaona kosa lilikuwa wapi? Bunduki ilikuwa nzuri. Macho yalikuwa mazuri. Kilichowaponza ni neno. Waliambiwa jambo jipya na wenye mahali, wao wakalisikia kwa masikio ya kwao.

Na walizidi kuchanganyikiwa. Dubu huyu huwa na rangi nyingi, na kila rangi waliipa jina lake. Leo dubu mweupe, kesho wa njano, kesho kutwa wa kahawia au wa kijivu. Wakaanza kujiuliza, je, hawa ni aina ngapi?

Jibu walilipata Mei 1806, wakati wa kurudi, walipokuwa wakisubiri theluji iyeyuke milimani, nchini kwa watu waitwao Nez Perce. Safari hii Lewis aliuliza. Walionyeshwa ngozi mbalimbali. Wenyeji hawakuhangaika. Ngozi hizi zote, nyeupe, nyekundu-nyekundu na za kahawia zenye mvi, wakasema, ni za mmoja, "hohhost". Na hizi nyingine, hata kama rangi zinakaribiana, ni za mwingine, "yackah". Msitazame rangi. Yackah ana kucha fupi na anapanda miti, wala si mkali. Hohhost ana kucha ndefu, hapandi miti, na ni hatari. Hivyo ndivyo Lewis alivyoyaandika majina hayo. Akakubali maelezo yao, na wataalamu wa leo wanakubaliana nao pia kwamba ni aina mbili.

Yaani mwaka mzima wa kuhesabu rangi ulimalizwa kwa mazungumzo ya siku moja. Wahenga walisema kuuliza si ujinga.

MSICHANA ALIYEKUWA MBALI NA KWAO

Katika msafara huo alikuwemo mwanamke mmoja tu, Sacagawea. Tunataka mabinti zetu wamjue. Alikuwa wa kabila la Washoshone. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, Wahidatsa walivamia watu wake, wakamteka, wakampeleka mbali sana na kwao. Alipoingia kwenye msafara alikuwa bado kijana, ameolewa na Mkanada mmoja mzungumzaji wa Kifaransa, na mtoto wa kiume aliyezaliwa Februari 1805 mgongoni.

Siku mbili tu baada ya kuondoka, tarehe 9 Aprili 1805, watu waliposimama kula mchana yeye alichukua kijiti, akaanza kuchimba karibu na magogo yaliyoletwa na maji. Akatoa mizizi ya kuliwa, mingi, ambayo panya walikuwa wameificha. Wanaume walikuwa wanaona magogo tu. Yeye aliona chakula, kwa sababu alijua panya gani anaishi hapo na anaficha nini.

Mwezi Agosti mwaka huo walifika kwa Washoshone. Alipoitwa kutafsiri, akamtazama mkuu wao, kumbe ni kaka yake! Alimkimbilia akalia. Wangapi kati yetu tunajua kilio hicho, na wangapi bado tunakisubiri.

Na jina lake? Wale wakubwa waliliandika kila siku kwa namna nyingine. Inasemekana kwa Kihidatsa maana yake ni Mama Ndege. Mpaka leo kuna wanaobishana namna ya kulitamka. Alitembea nao njia nzima hadi baharini na kurudi, na jina lake hawakuliandika sawasawa.

JINA LA KARATASI

Baada ya msafara kurudi, mwaka 1815 mtaalamu mmoja wa mji wa Philadelphia, George Ord, aliwapa baadhi ya wanyama hao majina ya kitaalamu kwa Kilatini, akitegemea maelezo yaliyoandikwa safarini. Dubu mkubwa akaandikwa "wa kutisha". Mbwa wa mbugani akapewa jina linalotokana na Louisiana, ambalo nalo linatokana na mfalme wa Ufaransa. Yule mwenye mbio, jina lake la kitaalamu likifasiriwa ni "swala-mbuzi wa Amerika", yaani makosa mawili yameunganishwa likawa jina moja! Ndiyo majina yaliyobaki kwenye vitabu. Hohhost hayumo.

Si kwamba wenyeji hawakuwa na majina. Walikuwa nayo, na mengi yalisema mambo zaidi. Chukueni nyati wa kule, mwenye nundu na manyoya kichwani. Wahispania walipomwona mbugani mwaka 1541 walimwita ng'ombe. Waingereza na Wafaransa wakampa jina la nyati wa Asia na Afrika, ambaye siye. Walakota dume walimwita "tatanka" na jike "pte". Wafugaji wanatuelewa hapo. Mtu anayeishi na ng'ombe hasemi "ng'ombe" tu, anasema fahali, mtamba, ndama, maksai. Jina moja la jumla ni la mpita njia.

Na waliofuata nyuma ya wale wapita njia hawakuishia kwenye majina. Wataalamu wanakadiria nyati hao walikuwa milioni 30 au zaidi. Waliuawa kwa ajili ya ngozi mpaka, kufikia 1889, wakabaki kama 1,000 tu. Watu waliowategemea nao waliondolewa kwenye ardhi zao wakawekwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Mwaka 2016 Marekani ilimtangaza nyati huyo kuwa mnyama wa taifa. Idadi yao imepanda tena, na makabila mengi ya wenyeji yanawafuga kwenye maeneo yao. Watoto wa Walakota bado wanajifunza kusema tatanka.

Sisi tunajua habari ya jina la karatasi. Mko wengi mlioandikishwa mmechoka, usiku, mvua inanyesha, mtoto analia, na anayeandika hajui lugha yenu. Jina likaingia lilivyosikika. Tunamjua mzee mmoja ambaye kwenye kadi anaitwa kwa jina la baba yake, na mtoto wake amepewa jina la mwaka aliozaliwa shangazi. Anacheka akisimulia, lakini siku ya kupewa huduma hacheki. Ushauri wetu ni ule ule wa zamani. Ukiona herufi imekosewa, nenda mapema ukaombe irekebishwe, na cheti cha mtoto kisome kabla hujaondoka dirishani. Usiseme "ni herufi tu".

NDUGU WA MBALI

Tuliahidi kuwaambia ndugu wa yule "mbuzi" mwenye mbio. Ndugu zake wa karibu walio hai ni wawili tu duniani, nao wako Afrika. Ni twiga, na okapi wa msitu wa Ituri, Kongo. Ndiyo, okapi wetu!

Na okapi naye alipitia mambo yale yale. Watu wa msituni walimjua na walikuwa na jina lake. Stanley, katika kitabu chake cha 1890, alitaja tu mnyama kama punda ambaye watu wa msitu walimwambia habari zake. Kisha Harry Johnston, Mwingereza aliyekuwa akitawala Uganda, akatafuta. Akapata vipande vya ngozi yenye mistari, akavituma London. Mwaka 1901 mtaalamu wa huko akaangalia mistari akasema huyu ni wa ukoo wa farasi, mwenzake punda milia. Mwaka huo huo yakafika mafuvu na ngozi nzima, na ikaonekana wazi, si punda, si farasi, ni ndugu ya twiga. Wakambadilishia jina. Na safari hii waliandika lile la wenyeji wa msitu. Dunia nzima, kwenye kila lugha, leo inamwita okapi.

Koyote pia, yule mbwa mwitu mdogo wa mbuga za Marekani. Watu wa Lewis na Clark kwanza walidhani ni mbweha, halafu wakamwita mbwa mwitu wa mbugani. Lakini jina lililoshinda ni koyote, ambalo limetoka kwa wenyeji wa Mexico kupitia Kihispania. Kwa hiyo jina la wenyeji halifi kila mara. Linaishi palipo na watu wanaoendelea kulitumia, na mgeni anayekubali kulijifunza.

TUNACHOKIPATA NYUMBANI

Wapendwa, tunaona mambo mawili, na yote yanagusa watoto wetu.

La kwanza. Tulipo hapa ni wageni. Mti huu, nyoka huyu, uyoga huu, tunaviita kwa majina ya kwetu, na hakuna ubaya. Lakini uyoga unaofanana na wa nyumbani unaweza kuwa si wenyewe. Kabla hujaupika, mwonyeshe mwenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini na mgeni naye anapona akimsikiliza mwenyeji.

La pili. Watoto waliozaliwa kambini wanajua jina la tangi la maji, la trubai, la kadi ya chakula. Waulizeni jina la ndege aliyekuwa akilia asubuhi kijijini kwenu. Hawalijui, na kosa si lao. Jina ambalo mzazi hakulitamka, mtoto atalitoa wapi? Hatuna mizigo mingi tuliyotoka nayo, lakini majina hayakuhitaji gunia wala gari. Tusiyaache yafie mdomoni.

KAZI YA MWEZI HUU

1. Jioni moja, kaeni pamoja. Kila mtu mzima ataje wanyama au mimea mitatu ya kwao, kwa lugha ya kwao, na aeleze namna ya kuitambua. Iko wapi, inafanya nini, inaliwa au hailiwi?

2. Mtoto anayejua kuandika aandike majina hayo kwenye daftari, na pembeni aandike jina la Kiswahili, na jina wanalotumia wenyeji wa hapa. Mkikosa moja, acheni nafasi, mtamuuliza mtu.

3. Bibi na babu ndio wasahihishaji. Wao wakisema herufi si hiyo, si hiyo.

Orodha zenu tupieni kwenye sanduku letu pale pale mlipolizoea, pamoja na mchoro kama mtoto anapenda kuchora. Tutachapa zile tutakazoweza.

Jirani yetu tulimjibu kwamba mtoto wa dada yake ni mkweli. Alifurahi, akamtumia sauti hapo hapo: "Mwanangu, nimeambiwa huyo ni kindi. Lakini waulize wenye nchi, wao wa zamani kabisa, walikuwa wanamwitaje." Tunasubiri jibu. Likija tutawapa.

Na yule mama wa sokoni? Tulimwona tena juzi. Akafika mezani, akanyoosha kidole, akasema kwa sauti, "Kijana, nipe kisamvu." Kijana akacheka akamjibu, "Karibu mama. Sombe ipo."

Tukutane mwezi ujao. Kaeni salama.